Resho nyepesi ya safari ya mguu: anza na bukari, halafu njo uchague moto

Wandugu, msimu wa jua ukifika tu, kuanzia mwezi wa tano hivi, vijana wa Lubumbashi wanaanza kupanga safari za mguu, wengine wanawaza mbuga ya taifa ya Kundelungu kuona maporomoko ya Lofoi, wengine Kiubo kwenye mto Lufira, wengine milima ya upande wa Likasi tu, weekend moja na hema. Na swali linalorudi kila mara ni moja, nibebe resho gani, yaani jiko dogo la safari, na sufuria gani isiniue mgongo? Nitajibu kirefu juu mashauri mengi tunayosoma kwenye intaneti ni ya watu wasiokula kama shiye, na ukiyafuata hivyo hivyo utakuwa na resho ya bei kali, nyepesi kweli, lakini ambayo haiwezi kupika chakula chako.

Mzungu akienda porini anachemsha nusu lita ya maji, anamwaga kwenye mfuko wa chakula kikavu, anafunga, anangoja dakika kumi, anakula. Resho yake haiguswi na kitu, kazi yake ni kuchemsha maji basi. Njo maana unaona zile sufuria ndefu nyembamba kama za Jetboil, kwa maji ni kali sana, dakika mbili tatu yamechemka. Sasa weka bukari, yaani ugali, mule ndani. Bukari inataka kusongwa, mkono mmoja unashika sufuria, mwingine unasukuma mwiko kwa nguvu, na nguvu ile haishuki chini, inaenda pembeni, resho inayumba. Kichwa kidogo kilichofungwa juu ya kartushi, yaani kopo la gazi, na lita moja na nusu ya uji wa moto huko juu, kinaanguka. Na uji wa bukari unashika kwenye ngozi, mguu ukiungua huko mbali na hospitali safari imeisha, tena vibaya.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza inapima gramu ngapi jiulize mambo matatu: tutapika nini, tuko wangapi, na mafuta ya resho nitayapata wapi hapa Lushi bila kutegemea mtu wa kuniletea kutoka nje. Gramu zinakuja nyuma ya hayo.

Chakula kwanza

Mashauri yangu ni msile porini kama mnavyokula nyumbani. Sombe mbichi, majani ya muhogo, acha nyumbani kabisa, inataka kuchemka muda mrefu ndio sumu yake itoke, na hiyo si kitu cha kufupisha eti juu mafuta ya resho yanaisha. Maharagi pia hapana. Kumbuka na urefu wa mahali: Lubumbashi tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, maji yanachemka karibu digrii 96, na juu kwenye uwanda wa Kundelungu, ambako inapita mita 1,600, yanachemka kwenye 94 au 95 hivi. Kwa chai huoni tofauti, kwa maharagi unaiona na unailipa kwa mafuta.

Vinavyofaa ni vitu vikavu na vinavyoiva mbio. Kapenta kavu, vinkubala, yaani viwavi vya kula, vilivyokaushwa (viloweke mchana kwenye chupa ukiwa unatembea, jioni dakika chache tu ziko tayari), kalanga iliyosagwa ya kufanyia mchuzi, nyanya ya kopo ndogo, chumvi, pilipili. Asubuhi uji au chai na mkate. Bukari moja tu kwa siku, jioni, mukiwa mumekaa. Mchana kalanga na ndizi, hakuna kuwasha moto.

Kwa bukari hesabu gramu 150 mpaka 200 za bunga kwa mtu. Watu wawili ni gramu 350 au 400 na maji kama lita moja, jumla inakaribia kilo moja na nusu ndani ya sufuria, na unataka nafasi ya kusonga. Kwa hiyo wawili wachukue sufuria ya lita 2, siyo ile ya lita moja ambayo mafundi wa safari za mguu wanasema inatosha. Mtu peke yake lita moja na robo inamtosha. Mukiwa wanne, sufuria ya lita 2 mara mbili ni afadhali kuliko kubeba ile ya lita 4, ila hapo mnalipa kwa mafuta, chagueni.

Moto sasa

Tuanze na makala juu najua wengi mtaniambia kwa nini tusibebe mbabula ndogo na kifuko cha makala kama kawaida. Mukiwa na motokari mpaka kambini, sawa, hakuna tatizo. Kwa mguu, mbabula hata ile ndogo ni chuma ya bure mgongoni, makala inachafua kila kitu, na kilo moja ya makala inatoa joto lingi lakini sehemu kubwa linaenda hewani, halifiki kwenye sufuria. Hapa naomba unisome vizuri: usiingize mbabula ndani ya hema, hata imebaki makaa mekundu tu, hata baridi ya mwezi wa sita ikuume namna gani, hata ukiacha zipu wazi kidogo. Moshi wenyewe haupo tena, unadhani hewa ni nzuri, kumbe kuna gazi isiyo na harufu, monoksidi ya kaboni, unalala nayo na huamki. Na resho zote nitakazozitaja chini zinaweza kutoa gazi hiyo hiyo, kwa hiyo kupika ni nje, mvua ikinyesha ni chini ya turubai iliyo wazi pande zote.

Kuni? Ndani ya mbuga ya taifa huendi kukata miti, na msimu wa jua majani ya miombo ni makavu kabisa, cheche moja inatosha kuchoma kilometa nyingi. Ile resho ya vijiti inayotengenezwa na kopo la maziwa yenye matundu ni nzuri kwa msimu wa mvua na mahali panaporuhusiwa, inakula vijiti vya ukubwa wa kidole, lakini kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi iache nyumbani.

Gazi ni safi, inawaka mara moja, unapunguza moto unavyotaka. Kartushi za safari zina skrubu juu (kipimo kinaitwa EN 417, kimeandikwa kwenye kopo) na zinakuja za gramu 100, 230 na 450 za gazi. Ile ya 230, ukiweka na uzito wa kopo lenyewe, ni karibu gramu 380. Vichwa vya kufunga juu yake ni vyepesi ajabu, BRS-3000T ni gramu 25, MSR PocketRocket 2 ni gramu 73. Kwa chai na uji wa mtu mmoja ni sawa kabisa. Kwa bukari ni hapana, nimeshaeleza. Kama umependa gazi na unataka kupika chakula kamili tafuta resho ya bomba, ile ambayo kartushi inakaa pembeni na kichwa kinakaa chini na miguu mipana, mfano Kovea Spider iko chini ya gramu 200. Hiyo inavumilia mwiko.

Shida ya gazi ni kuipata. Ndege hazikubali kartushi, siyo kwenye mizigo siyo mkononi, kwa hiyo ndugu yako wa Brussels hawezi kukuletea. Zinazoingia kwetu ni zile zinazokuja kwa barabara kutoka Afrika Kusini na Zambia, zinapita mpakani Kasumbalesa, na leo ziko kesho hazipo. Tena angalia aina: kuna kartushi za kutoboa, ambazo ukishafunga kwenye resho hutoi mpaka ziishe, kuna za kubonyeza, kuna zile ndefu za gramu 227 za resho za valizi za mezani. Haziingiliani. Resho bila kartushi yake ni uzito wa bure, nunua kartushi kwanza, halafu resho inayoikubali.

Na baridi: butani safi inaacha kugeuka mvuke ikikaribia sifuri, na mwezi wa sita na wa saba usiku kwenye uwanda joto linashuka chini ya digrii 10, asubuhi utaona moto umekuwa mdogo, mlegevu. Kartushi yenye mchanganyiko wa propani inavumilia zaidi. Kama una butani tu, lala na kopo ndani ya blanketi na asubuhi itafanya kazi. Usiipashe kwenye moto, na usizungushie kinga ya upepo kopo lenyewe, joto likirudi kwenye kartushi inaweza kupasuka.

Petroli, yaani ile ya taa, na resho za pompi. Hii ni teknolojia ya zamani, Primus ya Uswidi ilianza 1892, na mpaka leo kwa kikundi kikubwa na safari ndefu ni ngumu kuishinda juu petroli iko kila kijiji. Lakini lazima upashe kichwa kwanza na alkoli kidogo, kinatoa moshi mweusi ukikosea, matundu yanaziba na uchafu wa petroli yetu, na raba ya pompi inakauka. Kama hupendi kufungua na kusafisha vitu hii siyo yako. Na jamani petroli ya taa siyo esansi, ile ya motokari. Resho iliyotengenezwa kwa petroli ya taa peke yake ukiitia esansi unatengeneza bomu, soma kilichoandikwa kwenye resho, ziko zinazokubali vyote viwili lakini ni kwa kubadilisha kitundu.

Alkoli, njo naishauri kwa wengi wetu

Najua alkoli ni dhaifu kwenye karatasi, gramu kwa gramu inatoa kama nusu tu ya joto la gazi, na polepole. Lakini haina raba, haina valvu, haina pompi, haina kitu cha kuharibika, haipigi kelele, na alkoli inapatikana mjini. Trangia, kampuni ya Uswidi iliyoanza 1925, wanatengeneza seti ambayo kikombe cha alkoli kinakaa chini ndani ya kinga ya upepo na sufuria inazama mule ndani, haichezi hata ukisonga. Ndogo yao iko kati ya gramu 700 na 900 na sufuria zake ndani, ile kubwa inafika kilo na kidogo. Ukiipata kwa mtu anayerudi Ulaya nunua bila kufikiri mara mbili, ila mwambie aisafishe na kuikausha kabisa kama anaingia nayo kwenye ndege.

Ukikosa, tengeneza. Kichwa cha moto ni kikombe kidogo cha chuma, hata kopo fupi la nyanya au la samaki linatosha, lisiwe na rangi ndani. Kinga ni kopo kubwa la maziwa ya unga: toa kitako, likate libaki na urefu ambao ukiweka kikombe ndani mdomo wake uwe vidole viwili vitatu chini ya sufuria, karibu mno moto unakosa hewa, mbali mno unapasha hewa bure. Toboa matundu chini mzunguko mzima, ya ukubwa wa kidole kidogo, na juu upande mmoja acha nafasi moto upumue. Piga faili kwenye makali.

Sasa bukari. Kopo peke yake haliwezi kubeba nguvu ya mwiko, kwa hiyo fanya kama bibi zetu, weka mafiga. Mawe matatu sawa sawa, yakae vizuri kwenye udongo, sufuria ikae juu ya mawe, na resho na kinga yake ikae katikati bila kubeba chochote. Mawe yanabeba, resho inawasha. Hapo unasonga unavyotaka. Safisha majani chini mita moja kila upande, mpaka uone udongo. Lakini mafiga usiyafanye na gazi ya kartushi chini ya sufuria, mawe yanarudisha joto kwenye kopo, na hatari yake nimeshaitaja.

Nunua alkoli ya digrii 90 kwenda juu, ya 70 ile ya kusafisha vidonda ina maji mengi mno, inawaka kwa huzuni na inaacha maji kwenye kikombe. Kama kwenye chupa wameandika metanoli ujue ni sumu, haionjwi, hainawiwi mikono, mvuke wake hauvutwi. Mchana moto wa alkoli hauonekani, unadhani umezimika kumbe unawaka, na watu wengi wanaungua hapo, wanaongeza alkoli juu ya moto usioonekana na moto unapanda ndani ya chupa. Weka mkono juu kwa mbali kusikia joto, ngoja dakika, funika kikombe na kitu cha chuma, kipoe, ndio uongeze. Na chupa iwe imefungwa na iko hatua tatu nyuma yako kabla hujawasha kiberiti.

Kiasi: watu wawili, chai asubuhi na bukari na mboga jioni, hesabu mililita 150 kwa siku ukiwa na kinga nzuri na kifuniko. Siku tatu ni nusu lita, gramu 400 hivi. Kwa gazi chakula hicho hicho kingekula gramu 50 au 60 kwa siku. Kama maji ya kunywa pia utayachemsha, na kwetu na hii kipindupindu isiyoisha mimi singeyanywa ya mto hivi hivi, ongeza, juu kila lita inataka gazi gramu 10 mpaka 15 au alkoli mililita 50 na zaidi. Yakichemka kwa nguvu dakika moja inatosha, juu ya mita 2,000 njo wanasema tatu. Kwa safari ndefu dawa ya klorini ni nyepesi kuliko mafuta ya kuchemshia.

Sufuria

Titani inasifiwa sana na bei yake inatisha, ni nyepesi na ngumu, lakini haisambazi joto, inaungua palepale moto ulipo, bukari inashika chini na inanuka. Ni ya maji tu. Inoksi inadumu ila ni nzito, na joto haisambazi vizuri vilevile. Aliminiyumu njo yetu, inapeleka joto sehemu zote, na ile iliyopigwa ngozi ngumu ya kijivu ni bora zaidi juu haikwaruzwi na mwiko.

Pale soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, aliminiyumu iko ya aina mbili, nyembamba za kiwanda na nzito za kuyeyushwa. Chukua nyembamba ya kiwanda, pana kuliko ndefu, kitako sawa, na kifuniko chake chake. Zile za kuyeyushwa kutoka vyuma vya zamani ni nzito mno kwa mgongo, na tena zimepimwa katika nchi kadhaa, Cameroon ikiwemo, zikakutwa zinaachia risasi, yaani plombu, kwenye chakula, zaidi kikiwa kichachu kama nyanya. Ukiwa na watoto safarini fikiria hilo.

Kifuniko usikiache eti kupunguza uzito, kinakurudishia mafuta mengi kuliko kinavyopima. Masikio ya sufuria yaliyosimama pembeni ni matatizo kwenye sakado, mfuko wa mgongoni, wengine wanayatoa na kubeba koleo ndogo ya chuma ya kushikia, lakini kwa kusonga bukari koleo inateleza, mimi nasema acha masikio, beba vitambaa viwili vinene vya pamba, siyo nailoni, nailoni inayeyukia mkononi. Mwiko ukate uwe mfupi, kama kiganja na nusu. Sahani moja ya plastiki ngumu na kifuniko inatosha kwa wawili: pika kapenta kwanza, imwage humo, funika, izungushie jaketi ikae na joto, halafu sufuria hiyo hiyo pikia bukari. Uma na visu vya mezani havina kazi, tunakula na mkono, ila beba sabuni kipande na maji ya kunawa yahesabu. Kijiko kimoja kwa mtu kwa ajili ya uji, kikombe kimoja cha chuma kwa mtu, kisu kidogo, viberiti viwili sehemu mbili tofauti ndani ya plastiki isiyoingiza maji.

Ukipima vyote hivyo, jiko la alkoli la watu wawili pamoja na mafuta ya siku tatu linakuja kama kilo moja na robo, na la gazi la bomba linakaribiana nalo. Ukigawanya kwa wawili hakuna wa kulalamika.

Kabla ya kwenda pika bukari yote nyumbani nje kwenye kiwanja, jioni upepo ukiwa unavuma, kwa vyombo hivyo hivyo na mafuta uliyopima, uone yanaisha wapi na mawe gani yanayumba. Chupa ya alkoli iwe ya plastiki nene yenye kizibo cha skrubu, usijaze mpaka juu, iandike kalamu nyeusi ALKOLI mbele na nyuma ili mtu mwenye kiu asiibebe akidhani ni maji, iweke mfuko wa nje wa sakado, mbali na bunga. Kwenye basi ishike mwenyewe miguuni, usiipandishe juu ya paa kwenye jua. Makopo matupu, ya gazi na ya nyanya, yanarudi na wewe mjini.